UWANJA WA NDEGE UNAANZIA MWALONI



Juzi nilikwenda kukagua darasa la kisomo katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, si mbali na jiji la Mwanza. Darasa lenyewe liko chini ya mwembe, hatua chache kutoka mwaloni. Wanakisomo walikuwa 17, akina mama 11 na akina baba 6. Tulikuwa tunasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa ubaoni. Mara ikapita ndege juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa inashuka kwenda kutua uwanja wa Mwanza. Kishindo chake kikameza sauti zetu zote. Tukanyamaza, tukaingoja ipite.

Ilipokwisha kupita, mama mmoja anayeuza samaki akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi nina swali. Hizi ndege zinapita hapa kila siku. Mimi sijapanda hata moja, na sidhani kama nitapanda, maana nauli yake siiwezi. Sasa huo uwanja mimi unanifaa nini? Si ni wa wakubwa tu?"

Wenzake wakacheka. Nadhani kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo moyoni. Mzee mmoja naye akadakia, "Na wakitaka kuupanua, si watakuja kuchukua mashamba yetu?"

Sikutaka kujibu harakaharaka. Nikasema, "Mama, na wewe mzee wangu, nipeni muda. Nitajibu katika gazeti ili na wenzetu wa vijiji vingine wasome."

Basi somo la leo ndilo jibu lenyewe. Lisome polepole. Ukiwa na jirani ambaye macho yake hayaoni vizuri, msomee.

UWANJA WENYEWE UKOJE?

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko katika wilaya ya Ilemela, ukingoni mwa ziwa. Kutoka katikati ya jiji ni mwendo wa kilometa kama 10. Ukifika utaona jengo la abiria, maghala, magari ya zimamoto na mnara wa waongozaji wa ndege. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ni ile barabara moja pana, ndefu, iliyonyooka. Inaitwa njia ya kurukia. Ndege hukimbia juu yake inapotaka kuruka, na hukimbia tena juu yake inapotua.

Kwa nini iwe ndefu? Mtazame mnandi ziwani. Shomoro akiwa juu ya paa huruka pale pale. Lakini mnandi ni mzito, hupiga mbio juu ya maji kwanza ndipo apae. Na ndege za chuma ni hivyo hivyo. Ndege ndogo inaruka baada ya kukimbia mwendo mfupi. Ndege kubwa iliyojaa mizigo inataka mwendo mrefu.

Njia ya kurukia ya Mwanza ina urefu wa zaidi ya kilometa 3. Ya Bukoba, ng'ambo ya ziwa, ni karibu kilometa moja na nusu. Ndiyo maana ndege kubwa ya mizigo inaweza kutua Mwanza, lakini haiwezi kutua Bukoba. Urefu wa njia ndio unaoamua ni ndege gani itakuja, na ndege ndiyo inayoamua ni mzigo gani utaondoka.

Kabla ya ndege watu wa Mwanza walikuwa na njia nyingine, na mpaka leo wanazo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba yetu nyingi ilisafiri kwa reli hiyo hadi bandarini Dar es Salaam. Ziwani kuna meli na mitumbwi. Barabarani kuna mabasi na malori. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja kubwa la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Siku hizi mtu wa Sengerema hangoji tena kivuko pale ili afike Mwanza.

Kwa barabara, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100. Kwa basi utasafiri mchana kutwa, na usiku juu yake. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Mtu akipanda ndege asubuhi baada ya chai, chakula cha mchana atakula Dar es Salaam.

NI MZIGO GANI UNAOPANDA NDEGE?

Kupakia mzigo katika ndege ni ghali. Ndege inakula mafuta mengi, na kila kilo unayopakia inaongeza gharama. Kwa hiyo mfanyabiashara hupima kwanza. Hujiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, mzigo huu unaoza? Samaki mbichi, maua na mboga haviwezi kungoja siku nyingi njiani. Pamba inaweza. Ukiiweka ghalani mwezi mzima bila kulowa, bado ni pamba.

Swali la pili: Je, kilo moja ina thamani kubwa? Dhahabu ya Geita ukiitia katika sanduku dogo, sanduku hilo lina thamani kuliko malori mengi ya pamba. Mzigo wa namna hiyo unaweza kulipa nauli ya ndege na faida ikabaki.

Swali la tatu: Je, ni jambo la haraka? Mgonjwa mahututi, dawa inayohitajika leo leo, au chuma cha mashine iliyosimama kiwandani. Hapa mtu halipii uzito tu. Analipia muda.

Sasa tazama shamba lako na mwalo wako. Pamba, mahindi na mpunga vitaendelea kwenda kwa lori na kwa treni, na hakuna ubaya wowote. Hata samaki wakigandishwa mpaka wakawa wagumu kama jiwe, husafirishwa kwa meli, wamefungwa ndani ya makontena yenye baridi. Lakini samaki mbichi, asiyegandishwa, ndiye mwenye bei nzuri mbali, na ndiye anayehitaji ndege. Samaki huyo ni sangara.

SAFARI YA SANGARA

Sangara hakuwamo ziwani mwetu zamani. Aliletwa katika miaka ya 1950, akazaliana sana. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza. Ndege kubwa za mizigo, nyingi za aina ya Ilyushin, zikawa zinatua Mwanza katika miaka ile na iliyofuata, zinapakia minofu kwenda Ulaya.

Tufuatane na sangara mmoja hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni mtumbwini. Sangara akishatolewa majini anaanza kuharibika saa ile ile. Jua ni adui yake. Akilazwa katikati ya barafu, joto lake hushuka karibu na sifuri, na kuoza kunapungua mwendo. Hakusimami, kunapungua tu.

Hatua ya pili ni mwaloni. Wakala wa kiwanda anampima kwa mizani na kumkagua. Anafunua mashavu kuona kama bado ni mekundu. Anabonyeza nyama kwa kidole. Nyama ikirudi juu, samaki ni mzima. Ikibaki shimo, samaki ameharibika.

Hatua ya tatu ni gari lenye barafu mpaka kiwandani. Huko anachunwa na kukatwa minofu. Mfupa pamoja na kichwa ndiyo mapanki tunayoyajua sokoni. Mabondo nayo yana wateja wake, hasa China. Minofu yenyewe ni chini ya nusu ya uzito wa samaki.

Hatua ya nne ni maboksi yenye baridi, uwanja wa ndege, kisha Ulaya. Mama wa Ulaya ananunua mnofu dukani akiwa na imani kwamba ni mbichi. Akinusa harufu mbaya, hatanunua tena.

Sasa, ndugu msomaji, sema mwenyewe. Katika hatua hizo nne, ubora wa samaki unaamuliwa wapi? Kiwanda hakiwezi kumrudishia sangara ubichi alioupoteza mtumbwini. Rubani naye hawezi. Safari ya ndege ya sangara inaanzia mikononi mwa mvuvi.

HESABU YA MTUMBWI MMOJA

Siku ile ile ya ukaguzi niliona jambo mwaloni. Mtumbwi uliingia saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Ulikuwa na sangara kilo 120. Vijana walikuwa wamekesha ziwani usiku kucha. Lakini hawakubeba barafu. Walisema barafu ni gharama. Wakala alikagua samaki mmoja mmoja. Kilo 75 akazikubali. Kilo 45 akazisukuma pembeni.

Kijana mmoja aliketi juu ya ukingo wa mtumbwi, ameshika kichwa. Mafuta ya injini alikuwa ameyakopa.

Tufanye hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kwa sababu bei ya mwaloni hupanda na kushuka. Wewe weka bei ya mwalo wako. Tuseme kilo iliyokubaliwa ni sh. 8,000, na iliyokataliwa inauzwa kijijini kwa sh. 2,500.

Bila barafu:
Kilo 75 x sh. 8,000 = sh. 600,000
Kilo 45 x sh. 2,500 = sh. 112,500
Jumla = sh. 712,500

Tuseme sasa wangenunua barafu ya sh. 40,000, na samaki wote wakakubaliwa:
Kilo 120 x sh. 8,000 = sh. 960,000
Kutoa barafu = sh. 40,000
Baki = sh. 920,000

Tofauti ni sh. 207,500 kwa usiku mmoja. Kumbe walikwepa gharama ya elfu arobaini, wakapoteza laki mbili na zaidi. Yule kijana nilimwandikia hesabu hii kwenye mchanga kwa kijiti. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, usiifute. Ngoja mwenye mtumbwi aje aione."

MWAKA 1999: MLANGO ULIPOFUNGWA

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwaka 1999 tuliliona jambo hilo kwa macho. Kulikuwa na watu waliovua kwa sumu. Walimwaga dawa ya kuulia wadudu majini, samaki wakaelea, wakawaokota. Habari zikafika Ulaya. Nchi za Umoja wa Ulaya zikakataa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda.

Mlango ulipofungwa, viwanda vilikosa soko, na watu wakakosa kazi. Mwaloni bei ilianguka. Mvuvi ambaye hakuwahi kushika sumu maishani mwake alipata hasara sawa na aliyeishika. Njia ya kurukia ilikuwa pale pale, lakini haikuweza kumsaidia mtu.

Ilibidi nchi yetu ithibitishe kwamba samaki wake ni salama. Ukaguzi ukaimarishwa, mialo ikatengenezwa vizuri zaidi, na leo kuna maabara ya uvuvi Nyegezi, Mwanza, inayopima samaki. Lakini maabara haikai ndani ya kila mtumbwi. Anayemwona mvua sumu wa kwanza ni jirani yake. Anayemwona mwenye nyavu haramu ni jirani yake. Kwa hiyo vikundi vyetu vya ulinzi wa mwalo visiwe vya kuandikisha majina tu.

Na jambo jingine linakwenda pamoja na hilo. Sheria yetu inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Ukimvua mtoto leo, mwakani utamvua nani? Sangara wamepungua, na viwanda vingine vya minofu vimeshafungwa kwa kukosa samaki. Ziwa likiwa tupu, uwanja hautakuwa na kazi nasi.

KWA NINI LORI LINAUPITA UWANJA?

Sasa nitasema jambo litakalowashangaza wengi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya minofu ya Mwanza imekuwa ikipakiwa katika malori yenye baridi, ikaenda Nairobi au Entebbe, na huko ndiko ilikopanda ndege. Kutoka Mwanza hadi Nairobi kwa barabara ni zaidi ya kilometa 600. Uwanja tunao hapa mlangoni, na samaki anaupita kwa lori!

Sababu ziko tatu, na tunapaswa kuzijua.

Kwanza, Nairobi na Entebbe kuna ndege nyingi za kwenda Ulaya. Ukikosa ya leo, kesho kuna nyingine. Mwenye samaki hawezi kungoja wiki nzima.

Pili, ni mzigo wa kuja. Mwenye lori anajua habari hii. Akija na bidhaa za duka na kurudi na mpunga, nauli inakuwa nafuu. Akija mtupu, mwenye mpunga atalipia safari mbili. Ndege ni vivyo hivyo. Inayokuja Nairobi inaleta watu na bidhaa, ikirudi inabeba maua, mboga na samaki. Ndege ya mizigo inayokuja Mwanza mtupu inamlipisha samaki safari zote mbili.

Tatu, uwanja unataka vitu vingi kuliko lami. Unataka maghala yenye baridi, wakaguzi wa samaki, maofisa wa forodha, na mizigo inayofika kwa saa iliyopangwa.

Mwezi Juni 2023 shirika letu la ndege la ATCL lilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767. Ina uwezo wa kubeba tani 54. Ni hatua nzuri. Lakini tuhesabu tena. Tani 54 ni kilo 54,000. Mtumbwi wenye sangara kilo 120 unatoa minofu ya kilo 45 hivi.

54,000 ÷ 45 = 1,200

Yaani kuijaza ndege ile mara moja tu kwa minofu kunataka mitumbwi 1,200, na samaki wote wawe wazuri. Hakuna tajiri mmoja anayeweza kuijaza peke yake. Itajazwa na wavuvi wadogo wa mialo mingi. Haba na haba hujaza kibaba. Mitumbwi hiyo ikileta samaki walioharibika, ndege haina sababu ya kuja.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Uwanja hauleti faida kwa njia ya samaki tu. Ndege inateremsha watu. Wako wanaokwenda mgodini Geita. Wako watalii wanaokwenda Serengeti, maana upande wa magharibi wa mbuga hiyo hauko mbali na Mwanza. Wako wagonjwa na ndugu zao wanaokuja hospitali ya Bugando. Wako wafanyabiashara na maofisa. Wote hao watalala, watakula, watapanda teksi.

Kinachotuhusu sisi ni chakula. Hoteli ya mjini inataka mchicha, nyanya, mayai, kuku na maziwa. Nani anaipelekea? Mara nyingi si kijiji kilicho jirani. Nilipowauliza baadhi ya akina mama sababu, walisema, "Tulipeleka nyanya mara moja, wiki ya pili hatukuwa nazo, wakatafuta mtu mwingine."

Hapo ndipo penye funzo. Mwenye hoteli hataki nyanya nyingi leo na kesho asiwe nazo. Anataka kiasi kile kile, siku ile ile, kila wiki. Mkulima mmoja hawezi. Wakulima kumi wanaopanda kwa zamu wanaweza. Wa kwanza anapanda mwanzo wa mwezi, wa pili wiki ya pili, na kuendelea. Kinachotakiwa ni daftari, mwandishi mmoja mwaminifu, na watu wanaotunza ahadi. Ninyi mmemaliza kisomo. Daftari hilo mnaliweza.

Kuna na wajibu wa ujirani. Tusitupe matumbo ya samaki na takataka karibu na uwanja. Uchafu huita mwewe na makorongo, na ndege wa angani akiingia katika injini anaweza kuiangusha ndege yenye watu. Ng'ombe na mbuzi wasipite katika njia ya kurukia.

Na tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Watu 19 walifariki, na 24 waliokoka. Waliowahi kufika kuwaokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Majirani wa uwanja ni watu muhimu, hata kama hawajapanda ndege.

USIWEKE DOLE GUMBA KABLA YA KUSOMA

Sasa nije kwa mzee wangu aliyeuliza habari ya mashamba. Swali lake ni la haki. Uwanja ukipanuliwa unataka ardhi, na ardhi hiyo ina wenyewe.

Mwaka 1999 Bunge letu lilitunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Sheria hizo zinasema kwamba mtu akichukuliwa ardhi yake kwa kazi ya umma, anastahili fidia kamili, ya haki, na ya haraka. Fidia hiyo haihesabu nyumba peke yake. Inahesabu thamani ya ardhi, mazao na miti ya kudumu, na majengo. Iko pia posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya malazi. Na malipo yakichelewa kupita miezi 6, mwenye haki anastahili kuongezewa riba.

Mthamini akija, atahesabu mali yako na kuandika katika fomu. Nitawasimulia niliyoyaona katika mradi mmoja. Mzee mmoja alihesabiwa shamba lake. Fomu ikaletwa aweke dole gumba. Wino ulikuwa umeshafunguliwa. Mkewe, aliyekuwa mwanakisomo, akasema, "Hebu nione kwanza." Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akafika kwenye neno miembe. Pameandikwa 6. Akasema, "Miembe yetu ni 16. Twendeni tukahesabu." Wakaenda, wakahesabu, ikawa 16. Namba ikasahihishwa.

Ile moja iliyokosekana mbele ya sita ilikuwa ni miembe kumi. Yule mama alikuwa amesoma kisomo miaka miwili tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tembea na mthamini shambani mwako. Andika hesabu yako mwenyewe katika daftari. Linganisha na ya fomu. Omba nakala, uitunze mahali pakavu. Kama hukubaliani, sema mapema, tena kwa maandishi, kupitia serikali ya kijiji. Wala usikimbilie kupanda miti mipya usiku ili uongezewe fidia. Hila hiyo ikigunduliwa, hata haki yako ya kweli itatiliwa shaka.

JIBU LA SWALI LA MAMA

Mama, uliniuliza uwanja unakufaa nini wewe usiyepanda ndege. Nakujibu hivi.

Hujapanda wewe, lakini samaki wako anaweza kupanda. Bei unayoipata mwaloni inatokana na mnunuzi aliye mbali, na uwanja ni moja ya njia za kumfikia. Lakini uwanja peke yake haukupi kitu. Ukiwa na samaki asiye na barafu, ndege itapita juu ya kichwa chako kama juzi, ikuzibe masikio, na iende zake. Ukiwa na samaki mzuri, kikundi kinachotunza ahadi, na daftari lenye hesabu za kweli, una jambo la kuzungumza na wakala, na hata na mwenye hoteli. Na ukijua kusoma fomu, hata upanuzi wa uwanja hautakukuta umelala.

Yapo yanayohitaji mkono wa Serikali, kama maghala ya baridi na barafu ya bei nafuu mialoni. Hayo tuyadai katika mikutano yetu ya kijiji, na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Yetu sisi tuyaanze wenyewe, alfajiri ya kesho, kabla mtumbwi haujaingia majini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Njia ya kurukia: barabara ndefu ambayo ndege hukimbilia inaporuka au kutua.
Minofu: nyama ya samaki iliyotengwa na mifupa.
Forodha: idara inayokagua na kutoza kodi mizigo inayotoka na kuingia nchini.
Mthamini: mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali.
Fidia: malipo ya kufidia mali iliyochukuliwa au kuharibiwa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini ndege kubwa ya mizigo inatua Mwanza na haiwezi kutua Bukoba?
2. Taja mazao matatu ya kijiji chenu. Lipi linafaa kupanda ndege? Lipi halifai? Toa sababu.
3. Fanya tena hesabu ya mtumbwi kwa bei za mwalo wenu. Barafu inawaongezea au inawapunguzia? Kwa kiasi gani?
4. Mwaka 1999 wavuvi wasiokuwa na kosa walipata hasara kwa kosa la wengine. Kikundi chenu kinafanya nini ili jambo hilo lisirudi?
5. Mkiwa watu kumi, pangeni zamu ya kupanda nyanya ili hoteli moja ipate debe 2 kila wiki. Andikeni zamu hiyo katika daftari, na mwandishi aisome mbele ya wote.